Siku Tulipozikwaruza Nyimbo Zetu

Kawangware, Nairobi

Kwa ndugu yangu, mwana wa mama, mwalimu Wekesa,

Nakusalimu salamu nzito, za kubebwa na watu wawili. Ukiwa mzima wewe, na mama akiwa mzima, na mkeo na watoto wakiwa wanakula wakibakiza, basi mimi huku nimeshiba hata kabla ya kuweka sufuria motoni. Kikohozi cha mama kimepungua? Na lile goti? Mwambie mvua ya Nairobi nayo inauma magoti, hata ya matajiri, kwa hivyo aache kumshuku jirani.

Sasa mwite akae karibu. Na wale majirani wanaopenda barua za wenyewe wasogee pia, hakuna kiingilio. Soma kipande hiki kwa sauti ile ya kanisani.

Mama, mwanao amepanda. Nasikia ikifika saa ya salamu unawasha redio, unangoja sauti yangu, halafu unasikia ya mtu mwingine, unaanza kulia. Mama, umewahi kumwona mwenye ng'ombe mia akikamua mwenyewe? Mimi sasa ndiye mkubwa wa muziki wote unaotoka katika kituo chetu. Kupiga kelele hewani ni kazi ya watangazaji wadogo. Mimi nakaa ofisini. Chini kuna kapeti nyekundu, ukiikanyaga mguu unapotea. Madirisha ni mawili, moja la kuangalia barabara kubwa na moja la kuangalia wanaonionea wivu. Simu ni mbili vilevile, na zikilia pamoja naziacha zibishane. Kenya nzima hakuna wimbo unaochezwa mpaka mimi nitikise kichwa, na siku shingo ikiniuma, taifa linakaa kimya. Kwa hivyo futa machozi, mama. Ukinikosa redioni, hicho ni kimya cha cheo.

Hapo kunja karatasi, Wekesa. Waambie kilichobaki ni habari za mbolea na shule. Nenda ukamalizie darasani kwako watoto wakishatoka.

Barua yako nimeipata. Nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Unasema khocha wetu, kaka yake mama, alipotoka huku kunitembelea alileta habari za cheo changu, na tangu siku hiyo chaki imekuwa nyepesi mkononi mwako. Unasema barua ya kuacha kazi umeshaiandika, inangoja shule ifungwe tu umkabidhi hedimasta, halafu upande basi na gita lako uje nikuweke kwenye santuri. Na umeandika maneno haya, nayakumbuka kama dua: "Kaka, ikiwa wewe ndiye mkubwa wa muziki, mimi nafanya nini na watoto wa watu?"

Swali zuri. Ngoja nikujibu kwa njia ndefu, unajua mimi njia fupi sikuzaliwa nazo.

Mimi nilifika darasa la saba, na hilo la saba nililichungulia tu. Redioni niliingia kama mfagiaji. Ukinisikia nikiwaambia watu nilitafutwa na gari mpaka nyumbani, jua gari hilo lilikuwa la takataka. Lakini sauti, ndugu yangu, haina cheti. Siku moja mtangazaji wa salamu alipotewa na sauti kabisa, mafua, akawa anatoa upepo tu kama tairi. Kadi za salamu zilikuwa mezani, wasikilizaji wanangoja. Nikaweka ufagio kando nikasema, "Mzee, kusoma majina ya watu najua." Nilisoma. Kuanzia pale ufagio ulipata mwenyewe mwingine.

Nikawa mtu, Wekesa. Hilo halina chumvi. Nikipita River Road wauza maji ya matunda walikuwa wanaimba wimbo wangu wa kufungulia kipindi kabla sijafika. Msichana mmoja wa Uthiru aliniambia, "Kumbe una sura? Mimi nilidhani wewe ni sauti tu." Na mimi ndiye niliyeanza kuwataja wenye nyimbo. Kabla yangu wimbo ulipigwa kama mvua, unanyesha tu, hauna mwenyewe. Mimi nikasema hapana: gita hili ni la Opiyo, huyu anayelia ni Mzee Muthama, wimbo ni nyumba, ina mlango na mlango huo una mtu. Wanamuziki wakanipenda. Walipoanzisha chama chao wakanifanya mdomo wa chama, kwa sababu wao wanajua kuimba, lakini ukiwapa meneja wa kuongea naye wanakohoa.

Kilio chao kilikuwa cha haki. Mtu anarekodi wimbo mara moja, analipwa mara moja, halafu unachezwa asubuhi, mchana, jioni, mwaka baada ya mwaka, na yeye yuko Kangemi anabeba mawe ya ujenzi huku fundi juu ya ngazi anaimba wimbo wake. Tulikwenda kwa wakubwa. Wakatupa chai. Tukaenda tena, wakatupa chai na mkate. Opiyo, yule mpiga gita, Mjaluo mwenye maneno kunishinda, akasema, "Barasa, hawa watatunenepesha mpaka tusahau kilichotuleta."

Ndipo lilipokuja wazo la mgomo. Na wazo la msumari, ndugu yangu, lilikuwa langu.

Nikueleze msumari. Pale maktaba ya santuri palikuwa na msumari mmoja wa inchi nne, umefungwa kamba, umening'inizwa ukutani. Wimbo ukikatazwa na wakubwa, unachukuliwa ule msumari, unapitishwa juu ya santuri kutoka ukingoni mpaka katikati. Baada ya hapo sindano ikifika kwenye mkwaruzo inaruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto. Hakuna mtangazaji atakayejaribu kuucheza tena. Sasa mimi nikawaza: tukiwaambia redio msicheze nyimbo zetu mpaka mkubali kulipa kila mnapocheza, watatucheka na watacheza. Na kati yetu hatakosekana mnyonge wa kwenda usiku kuwaambia, yangu chezeni tu. Lakini kila mtu akikwaruza santuri yake yeye mwenyewe, mbele ya wenzake, nani atarudi nyuma? Nikawaambia hicho ndicho kiapo. Wazee wetu walikula kiapo na damu ya mbuzi, sisi tutakula na msumari.

Walipiga makofi. Usisahau hilo. Walinibeba juu juu.

Basi Jumamosi nikapakia santuri zao za maktaba kwenye sanduku langu, nikatoka nazo kwa mlango wa mbele nikipiga mluzi, na askari wa mlangoni akanishikia mlango. Jumapili baada ya kanisa tukakutana kwa Opiyo, Uthiru. Chumba kilijaa. Mke wa Opiyo alipika chapati, watu wamevaa suti zao za jukwaani, ungedhani ni harusi. Opiyo akawa wa kwanza. Akaushika msumari, akaubusu. "Wengine wanaoa kwa pete," akasema, "sisi tunaoa kwa msumari, na bibi harusi ni redio!" Krrr. Watu wakapiga vigelegele. Msumari ukaenda kwa wa pili, wa tatu, kila mmoja na maneno yake ya kuchekesha. Wekesa, ile sauti ya kukwaruza haikutuuma hata kidogo. Tulikuwa tunacheka kama watu wanaovunja nyumba ya adui.

Msumari ukafika kwa Mzee Muthama.

Huyu ni Mkamba, mtu mzima, mkimya, anaishi Kangemi peke yake. Kofia yake haitoki kichwani ila anapopiga gita. Santuri yake ilikuwa ya zamani, kutoka siku zile wengine tukiwa bado tunachunga. Ile ya nyumbani kwake ilivunjika, mjukuu aliikalia. Duka la Kanji pale River Road, aliyewatolea wote santuri zao, lilikuwa limeuza zote, na kile kibati cha chuma cha kupigia chapa kilikwisha yeyushwa. Iliyobaki ni ile moja ya redio, iliyokuwa pale mapajani mwake.

Akaushika msumari. Akautazama. Akasema, "Yangu si muache? Hii ya zamani hakuna anayeitaka."

Mimi nikajua ninachojua. Mzee huyu kila wiki alikuwa anatuma kadi za salamu kuomba wimbo wake mwenyewe. Anaandika majina ya uongo, mara Mutua wa Dagoretti, mara Mama Syombua na wanawe wote, lakini mwandiko ni mmoja na wino ni mmoja, ule wa rangi ya jamu. Nilikuwa nazisoma hewani nikijichekea. Nilidhani mzee anapenda sifa, anajipigia debe uzeeni. Na mimi, ndugu yangu, unanijua, mzaha ukinifika kooni siwezi kuumeza.

Nikasimama juu ya kiti nikasema, "Jamani, mzee anaogopa mashabiki wake! Mutua wa Dagoretti atalia! Mama Syombua atanyonga kuku! Mzee, watu wako wote hao wanatumia kalamu moja, si watagawana msiba pia?"

Chumba kilianguka kwa kicheko. Opiyo alicheka mpaka chapati ikampalia. Mtu mmoja akapiga kelele, "Mutua, achia mzee akwaruze!" Mzee Muthama naye akatabasamu, lile tabasamu la mtu aliyekanyagwa mguu na mgeni wa heshima. Akaweka msumari ukingoni, akavuta taratibu mpaka katikati. Halafu akavua kofia. Mimi hata hilo la kofia nililitilia mzaha. Tuliache.

Jumatatu santuri zikarudi maktaba. Mtangazaji wa asubuhi akaweka wimbo wa Opiyo, ukaimba neno moja, "mpenzi, mpenzi, mpenzi, mpenzi," mpaka mtu akakimbia kuuzima. Huku nje sisi tunakumbatiana. Tukasema, wiki hii haiishi, watatuita kwa gari.

Hawakutuita. Waliweka muziki wa Kongo. Wakaongeza wa Ulaya, na wa Kongo tena. Mimi nikangoja wananchi walie. Nilikuwa nimewaambia wenzangu, "Kenya itaamka bila nyimbo zenu, itavaa shati kinyume." Wekesa, Kenya haikukosea hata kifungo. Ilicheza rumba. Kadi zikaanza kusomwa hewani, na moja ikasema, "Tunawapongeza kwa kutuburudisha vizuri zaidi siku hizi." Nilitaka kuila ile kadi.

Na wimbo usiposikika redioni hauulizwi dukani. Kanji akaniita. Yeye ni Mhindi mwenye roho, watoto wa wanamuziki wangapi amewasomesha kimyakimya, lakini siku hiyo alikuwa na uso wa kufunga duka. "Barasa," akasema, "mdomo yako kubwa kama spika, lakini fyuzi yako dogo. Sasa mimi nauzia nani? Watu nataka nyimbo wanasikia. Wewe nimefunga masikio yao, mimi napata wapi mkono yao?" Nilimwambia asubiri. Akasema kusubiri amesubiri, sasa ataagiza za Kongo.

Chama kikafa bila mazishi. Opiyo anapiga gita baa moja Kangemi, malipo ni sahani ya ugali na matumbo, na akimaliza anaosha vyombo. Tukikutana anasema, "Mdomo wa chama, habari ya tumbo la chama?" Anacheka, na mimi nacheka. Lakini zamani alikuwa ananishika bega akisema hayo, siku hizi hanishiki.

Huyo bado ni nafuu. Nakuletea huyu mwingine, ambaye ndiye ananinyima usingizi.

Mwezi uliopita nilikuwa nimesimama River Road, nje ya duka la masanduku, mlango wa pili kutoka kwa Kanji. Usiniulize mkubwa wa muziki anafanya nini nje ya duka la masanduku. Wakubwa husafiri. Mara namwona Mzee Muthama anakuja, amekumbatia kitu kifuani ndani ya koti. Kumbe redio ilizitupa zile santuri zilizokwaruzwa, na yule askari wa mlangoni akamwokotea yake kwenye pipa.

"Kijana wangu," akaniambia, "wewe ni mtu wa mitambo. Gita likipasuka mimi naziba kwa nta. Hii nayo, huo ufa hauzibiki?"

Nikamwambia, "Mzee, ya nini tena? Njoo tutakurekodi upya, wimbo si unaujua?"

"Mimi najua," akasema. "Yeye ndiye hayupo."

"Nani?"

"Mbithe. Si anaitikia pale nyuma? Hujamsikia miaka yote hiyo?"

Nilikuwa nimemsikia, Wekesa. Ile sauti nyembamba ya kike inayoingia baada ya ubeti wa kwanza. Nilikuwa nazungumza juu yake, natangaza saa. Sikujua ni mkewe. Sikujua kwamba amekufa. Wale akina Mutua wa Dagoretti na Mama Syombua, wote walikuwa mume mmoja anayetaka kumsikia mkewe mara moja kwa wiki, akaona aibu kuandika hivyo kwenye kadi.

Nikamwingiza kwa Kanji. Kanji akafunga mlango wa duka, wateja wakabaki nje. Mzee alikuwa ameshapaka nta mwenyewe kwenye mkwaruzo, laini, kama fundi. Kanji akaweka sindano kwa vidole viwili, hata pumzi hatoi. Gita likaanza. Mzee akavua kofia. Ubeti wa kwanza ukapita, ukiruka hapa na pale lakini unakwenda, na mimi moyoni nasema, Mungu, nipe hiki tu. Ikafika pale anapoingia Mbithe. Tukasikia akivuta pumzi. Pumzi tu, ile ya mwimbaji kabla ya kuanza. Sindano ikaruka. Ikarudi. Akavuta pumzi tena. Sindano ikaruka.

Kanji akanyoosha mkono kuzima. Mzee akamshika, "Acha kidogo." Tukakaa hapo, wanaume watatu, tunamsikiliza mwanamke anayetaka kuimba.

Mwisho Kanji alizima mwenyewe, akaenda nyuma kutafuta chai, akakaa huko muda mrefu kuliko chai inavyotaka. Nikamwambia mzee, "Mzee wangu, siku ile ya msumari, kwa nini hukusema?" Akairudisha santuri kwenye bahasha yake, akaivaa kofia. "Mlikuwa mnacheka vizuri," akasema. "Nani anataka kuharibu furaha ya watu?" Akanipa mkono, akaenda zake. Hakunitukana, Wekesa. Angenitukana ningekuwa nimelala vizuri.

Sasa nikurudie wewe. Nimekuandikia haya yote nikidhani yatakutosha. Lakini nakujua, nilikubeba mgongoni. Utasoma, utamsikitikia mzee, utatikisa kichwa kama mwalimu, halafu utasema: "Maskini wale hawakuwa na mtu. Mimi nina kaka ofisini." Na barua ile utampa hedimasta. Wewe una kazi ambayo haingoji mtu apende sauti yako. Una watoto wanaosimama ukiingia. Gita lako linapigwa jioni, mama anaitikia kutoka jikoni, na hakuna mtu anayezungumza juu yake kutangaza saa. Ningekuwa na njia nyingine ya kukuzuia ningeitumia. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi naitafuta, kwa sababu hii iliyobaki ni chungu.

Nisalimie mama, na haya ya chini asiyajue mpaka nije nimwambie kwa mdomo wangu. Nisalimie senge yetu, dada ya baba, mwambie ile kuku aliyoniahidi nikioa aendelee kuifuga. Nisalimie khocha, na umwambie anisamehe, siku ile alipokuja nilimzungusha mjini nikamwonyesha jengo kwa nje tu, nikamwambia ofisi inapakwa rangi. Nisalimie mkeo na wale wanangu wawili, na mdogo umfinye shavu kwa niaba yangu.

Ni mimi kaka yako Barasa. Redioni nilifukuzwa wiki ileile ya msumari, askari aliyenishikia mlango ndiye aliyenitoa. Kazi yangu ni kusimama nje ya duka la masanduku na spika, naita wateja. Juzi mama mmoja akaniuliza kama mimi ndiye yule wa salamu, nikamwambia tunafanana sauti tu. Kapeti, simu, cheo, vyote ni uongo. Huku huna ndugu mkubwa, Wekesa. Chana hiyo barua ya hedimasta.